Macho yatangulie, fedha ifuate: hadaa katika biashara ya magari yaliyotumika Mpanda

Mpunga ukishatoka Mwamkulu na Kakese, na vyama vya msingi vya tumbaku vikishalipa wanachama wao, Mpanda huwa na watu wengi wenye haja moja: kupata gari. Huyu anataka kirikuu ya kubebea mizigo ya sokoni, yule Probox ya kupakia abiria na magunia, mwingine Noah ya biashara, mwingine IST ya kutembelea. Karibu wote watanunua gari lililotumika, na wengi wataliona kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha simu.

Maneno yaliyopo kwenye kioo hicho yanafanana. "Mmiliki mmoja." "Haijatembea." "Injini haijaguswa." "Ilikuwa ya mama, ya kwenda kazini na kurudi tu." "Kuwasha na kuondoka." "Mwenye gari ana shida ya haraka, bei ya kutupa, wahi." Baadhi ya maneno haya ni ya kweli. Lakini aliyekaa Majengo au Makanyagio atajuaje, wakati gari lenyewe liko Kigamboni, Mwanza au Tunduma?

Nguvu ya tapeli iko hapo, kwenye umbali. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, kwenye bandari na yadi nyingi za magari, ni zaidi ya kilomita 1,000. Lami ya Tabora hadi Mpanda, yenye zaidi ya kilomita 340, imeifupisha safari kwa saa nyingi, lakini nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea bado zinamuuma mtu wa kipato cha kawaida. Ndipo anapojiambia kwamba atume tu kishika uchumba, yaani malipo ya awali, ili gari lisimponyoke. Wengi wanaoibiwa huibiwa katika hatua hiyo, kabla hata hawajagusa mlango wa gari.

Hoja ya makala haya ni moja: fedha isitangulie macho. Na pale ambapo macho ya mnunuzi hayawezi kufika, yafike ya mtu anayemwamini na mwenye ujuzi, kabla shilingi haijatoka.

Safari ya gari kabla ya kufika Katavi

Sehemu kubwa ya magari madogo tunayoendesha yalianza maisha Japani. Huko, gari jipya la familia hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na gari likizeeka gharama huongezeka, hivyo wenye magari wengi huona afadhali wauze. Gari hupelekwa mnadani, mkaguzi wa mnada huliandikia karatasi yenye alama, mnunuzi wa nje hulichukua, meli hulileta Dar es Salaam. Marekani na nchi za Ulaya nazo huuza yao. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotolewa mwaka 2020, ilionyesha kuwa kati ya 2015 na 2018 magari mepesi yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na mataifa hayo, na takriban asilimia 40 yaliingia Afrika.

Jirani zetu wameweka ukomo wa umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali gari likizidi umri huongezewa ushuru. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini.

Hesabu hizi ni ngao ya kwanza ya mnunuzi. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo mtandaoni kinachoonyesha thamani ya gari na kodi yake kwa kuingiza aina, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Kinafunguka kwenye simu ya kawaida yenye intaneti. Mtu akikutangazia gari "limetoka bandarini wiki hii, kodi zote zimelipwa" kwa bei iliyo chini ya kodi peke yake, huna haja ya kujiuliza mara mbili. Hakuna mfanyabiashara anayenunua gari Japani, analisafirisha kwa meli, analilipia kodi, kisha anakuuzia kwa hasara kwa sababu amekupenda. Bei hiyo ni chambo.

Herufi ya namba si umri wa gari

Mitaani tunauziana magari kwa herufi. Mtu anauliza, "Ni namba gani?" Anajibiwa, "Namba D," au "Namba E, mpya kabisa." Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao inaeleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Haielezi lilitengenezwa lini. IST ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 2002. Gari la miaka hiyo linaweza kuwa lilifanya kazi Japani kwa miaka mingi, likaingia Tanzania likiwa limechoka, likapewa herufi za karibuni. Muuzaji anayesisitiza herufi na kuukwepa mwaka wa kutengenezwa anajua anachoficha.

Mwaka huo umeandikwa kwenye kadi ya gari. Omba kuiona kadi kabla ya kuzungumza bei, na si picha ya upande mmoja tu.

Mita isiyosema kweli

Mita za magari ya sasa ni za kielektroniki, na mwenye kompyuta na waya unaofaa anaweza kuzirudisha nyuma kwa muda mfupi. Tatizo hili halikuanzia kwetu. Marekani ilitunga sheria ya kulikabili mwaka 1972, na hata leo mamlaka yao ya usalama barabarani inakadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa huko kila mwaka yakiwa na mita za uongo. Nchi yenye kumbukumbu za kielektroniki za kila gari ikiwa bado inapambana hivyo, sisi tunaouziana kwa neno la mdomo tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi.

Anza na hesabu ndogo. Gari la familia Japani hutembea takriban kilomita 10,000 kwa mwaka. Hapa nyumbani, gari la biashara hutembea zaidi ya hapo kwa mbali. Ukikuta gari la miaka 20 lenye kilomita 68,000, gawa kwa miaka 20: ni kilomita 3,400 kwa mwaka, yaani hata kilomita 10 kwa siku hazifiki. Inawezekana, ila yataka ushahidi. Ushahidi upo kwenye cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, ambacho huandikwa namba ya chasisi na kilomita zilizosomwa. Mwenye gari lililoagizwa kihalali anaweza kuwa nacho, pamoja na karatasi ya mnada. Karatasi hiyo ina alama: 4 au 4.5 kwa gari zuri, 3 au 3.5 kwa lililochakaa kiasi, R au RA kwa lililowahi kuumia na kutengenezwa.

Karatasi zikikosekana, soma mwili wa gari. Mpira wa kanyagio la breki ulioliwa hadi chuma, usukani uliong'aa kwa mikono, kiti cha dereva kilichozama upande wa mlango, hivi havilingani na kilomita 68,000. Na mpira wa kanyagio ukiwa mpya kabisa kwenye gari lililochakaa kwingine kote, uliza kwa nini ulibadilishwa.

Rangi mpya, jeraha la zamani

Ajali nyingi hufichwa kwa puti na rangi. Simama kwa pembeni mchana, jua likiwa juu, utazame mlango na bodi kwa urefu wake. Mawimbi madogo na tofauti ya rangi kati ya paneli na paneli hueleza mengi. Fungua boneti na buti, nyanyua zulia, tafuta alama za kuchomelea mahali kiwanda hakichomelei. Yako magari yaliyokatwa na kuunganishwa vipande. Barabara ya vumbi yenye mashimo ndiyo itakayoyafichua, na wakati huo familia yako itakuwa ndani.

Kuna taa kwenye dashibodi ambayo mafundi wetu huiita taa ya cheki injini. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa hiyo na ile ya mifuko ya hewa huwaka; ya mifuko ya hewa hujizima baada ya muda mfupi, na ya cheki injini hujizima injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda imezimwa kwa makusudi ili ugonjwa usionekane. Fundi mwenye mashine ya kupimia atajua kwa dakika chache.

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari likiwa baridi, halijawashwa siku hiyo. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha ugumu wa kuwaka, moshi na milio. Kisha liendeshe mwenyewe, au aliendeshe fundi wako. Hapa Mpanda kipande cha lami cha kuelekea Sitalike kinatosha kusikiliza giaboksi ikibadilisha kwenye mwendo, na njia yoyote ya vumbi pembezoni mwa mji itakuonyesha hali ya shokapu na bushi. Muuzaji anayekuruhusu kuzunguka uwanjani tu na kukunyima barabara amekwishakujibu.

Usimchukue fundi aliyeletwa na dalali. Mchukue wako, mlipe ujira wake kabla, na umwambie wazi kwamba atapata ujira uleule hata akikushauri usinunue. Fundi anayetegemea bahashishi ya muuzaji hana macho ya kukuazima.

Kadi inaweza kuwa halisi na gari lisiwe la muuzaji

Gari zima kabisa linaweza kukupotezea fedha zote kwa sababu ya karatasi. Hapa ndipo hasara kubwa zaidi hutokea, na hapa ndipo wengi hawaangalii.

Kwanza, jina. Kama jina lililo kwenye kadi si la anayekuuzia, taka kumwona mwenye jina. "Ni la kaka yangu, yuko safari" haitoshi. Kama mwenye jina amefariki, hakuna mtoto wala mjane mwenye mamlaka ya kuuza kwa kuwa tu ana funguo. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya uteuzi ionekane. Magari ya marehemu huuzwa haraka haraka familia ikiwa bado kwenye majonzi, na kesi huibuka miaka miwili baadaye.

Pili, deni. Watu wengi hukopa kwa kuweka kadi ya gari rehani, iwe benki au kwa wale wakopeshaji wa mitaani wanaoitwa kausha damu. Mkopaji akibanwa, wapo wanaokwenda kuripoti kwamba kadi imepotea ili wapewe nyingine, kisha wakauza gari ambalo bado linadaiwa. Kadi mpya kwenye gari la zamani inahitaji maelezo. Benki nyingine huandikisha jina lao pamoja na la mkopaji, kwa hiyo soma kila mstari.

Tatu, kodi. Katavi imepokea miradi mingi, hasa ya kuhudumia makazi ya Katumba na Mishamo ambako wakimbizi kutoka Burundi waliishi tangu miaka ya 1970. Miradi huja na magari yenye namba za DFP, yaliyoingia kwa msamaha wa kodi. Likiuzwa kwa mtu binafsi, kodi hudaiwa. Vivyo hivyo magari ya IT, yaliyoingia Dar es Salaam kwa ajili ya kupita kwenda Kongo au Zambia, na magari yenye usajili wa Zanzibar ambayo hayajalipiwa tofauti ya kodi ya Bara. Ukinunua lolote kati ya haya bila kuuliza, TRA italikamata likiwa mikononi mwako, na aliyekuuzia atakuwa amebadilisha laini ya simu.

Dawa ni kwenda ofisi ya TRA mjini Mpanda mkiwa wawili, wewe na muuzaji, na kadi halisi mkononi. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma cha gari na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Angalia faini za barabarani kwa kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi, na bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Kila mmoja awe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na uhamisho wa umiliki ufanyike siku hiyohiyo. Muuzaji mwaminifu naye anahitaji hilo, kwa sababu gari likibaki kwa jina lake, makosa ya dereva mpya yataendelea kumwangukia yeye.

Kishika uchumba

Utapeli wa moja kwa moja una hatua zinazojulikana. Picha huibwa kwenye tangazo la mtu mwingine. Bei huwekwa chini ya soko. Ukipiga simu, unapokelewa kwa heshima: "Mzee wangu, gari lipo, lakini kuna mtu mwingine anakuja saa nane." Unatumiwa picha ya kadi na picha ya kitambulisho, pengine vya mtu asiyejua lolote. Kisha unaombwa kishika uchumba kwenye namba binafsi ya simu, halafu fedha ya kutolea gari bandarini, halafu ya dereva wa kukuletea. Kila malipo hufuatiwa na sababu ya malipo mengine.

Haraka ndiyo alama kuu ya tapeli. Mwenye gari halali hapotezi kitu ukimwambia, "Kesho asubuhi kijana wangu atafika hapo ulipo, aliangalie, na fedha italipwa benki mbele ya wote wawili." Anayechukia maneno hayo ana sababu. Na siku hizi karibu kila ukoo wa Katavi una mtu Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya. Mtumie nauli ya daladala na ya fundi. Ni fedha ndogo sana ukilinganisha na jasho la msimu mzima.

Tangazo ni ahadi mbele ya sheria

Wengi wakishatapeliwa hujilaumu na kunyamaza, wakiambiwa kwamba ukinunua umekubali. Sheria ya Tanzania haisemi hivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuukataa mkataba ambao ridhaa yake ilipatikana kwa udanganyifu au kwa maelezo ya kupotosha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba muuzaji ana haki ya kuuza na kwamba kilichouzwa kwa maelezo kinalingana na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inakataza mfanyabiashara kupotosha walaji. Na anayejipatia fedha kwa kudanganya kwa makusudi ametenda jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo kifungo chake kinafika miaka 7.

Haki hizi zinahitaji ushahidi, na ushahidi huanza na tangazo. Ulipoliona, lipige picha kwenye simu yako pamoja na tarehe, namba na kila neno. Tunza ujumbe na risiti za miamala. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mashahidi, na zile sifa za kwenye tangazo ziingizwe humo: mwaka, kilomita, kwamba gari halijapata ajali kubwa, kwamba halidaiwi. Mwongo husita kutia sahihi chini ya maneno aliyoyatamka kwa ufasaha kwenye simu.

Ukishaibiwa kwa njia ya simu, wahi. Piga mtandao wako wa simu kuomba muamala uzuiwe, kisha nenda polisi. Asiye na uwezo wa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Uongo huwaumiza hata wauzaji wakweli

Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake inatuhusu. Muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui. Mnunuzi akihofia kudanganywa, hutoa bei ya chini kwa kila gari. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo, huliondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu, na hofu huongezeka.

Hili linaonekana hapa. Mwalimu wa Nsemulwa aliyelitunza gari lake kwa miaka kumi, akiwa na risiti ya kila huduma, anapewa bei ileile ya aliyelipaka rangi jana kuficha kutu. Dalali anayesema ukweli, ambaye watu wa Kawajense wanapajua kwake na kwa wazazi wake, anatazamwa kwa jicho lilelile la tapeli asiye na sura. Kizuri chajiuza, walisema wazee, lakini chajiuza pale tu ambapo mnunuzi anaweza kukitambua.

Kwa hiyo kazi hii si ya mnunuzi peke yake. Madalali wa Mpanda wanaweza kujiandikisha, wakawa na ofisi na majina yanayojulikana kwa halmashauri, na wakamtenga mwenzao anayedanganya. Viongozi wa vyama vya msingi wanaweza kumwalika ofisa wa TRA na askari wa usalama barabarani siku za malipo, wazungumze na wanachama kabla fedha haijaondoka. Walimu na wahitimu wa ufundi wa magari wa VETA wanaweza kutoa huduma ya ukaguzi kwa ada inayojulikana na ripoti ya maandishi. Redio za hapa mkoani zinaweza kutenga kipindi. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri sheria mpya kutoka Dodoma.

Mkulima anayenunua gari ananunua njia ya kufikisha mazao sokoni, ya kumpeleka mjamzito hospitali usiku, ya kusomesha watoto. Kumuuzia ubovu kwa maneno matamu ni kumrudisha shambani kuanza upya, akiwa na umri zaidi na imani pungufu kwa watu. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012, bado unajenga biashara yake. Tukikubaliana sasa kwamba hapa gari hukaguliwa kwanza, kadi huhakikiwa kwanza, na fedha hulipwa mwisho, tapeli atakosa soko na mwaminifu atapata bei anayostahili.